Nilivyokuwa Pua ya Bi Time

Nimestaafu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, niliacha kazi rasmi nikiwa na miaka kumi na sita, afya njema na mtihani wa hesabu unaoningoja. Hakukuwa na keki wala hotuba. Mkuu wa kazi alinitaka nifagie uwanja kwanza, ndipo nistaafu.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki: wewe Maryamu, binamu yangu uliyeachiwa kopo la kumwagilia, na wengine wote mnaotumwatumwa kwa Bi Time. Habari za vyeo na mshahara naziruka. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni Pua. Mshahara ulikuwa wa kuliwa, na kitu kikishaliwa hakina historia.

Bi Time mnamjua, lakini nimweleze kwa ajili ya wasiotoka Jadida, mtaa wetu hapa Pemba. Ni mama mtu mzima, nyumba yake iko nyuma ya yetu. Si bibi yangu wa damu, ila mtaani kwetu mtu akishakukaripia mbele za watu basi ni bibi yako. Kazi yake ni kufunga vikuba. Kikuba ni kishada kidogo cha mrehani, asumini na vipande vya ua la mkadi, ambacho bibi harusi huchomekwa nyweleni au kifuani ili anukie. Asumini ananunua, mkadi ananunua, lakini mrehani anapanda mwenyewe uani, kwenye makopo ya rangi na beseni lililopasuka. Kina mama wanatoka mpaka Micheweni kuja kuagiza kwake, kwa sababu inasemekana kikuba cha Bi Time huendelea kunukia hata baada ya maua yenyewe kunyauka.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kama ni siku ya kwanza kazini. Nilikuwa natoka skuli, nikapita uani kwake kwa njia ya mkato, nikakuta chungu cha kunde kinafuka moshi mweusi na yeye kakaa ubavuni mwake juu ya kibao, anatunga asumini kwa utulivu wa mtu aliye bustanini. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwuliza kama leo anapika kunde au anachoma mkaa. Akageuka, akakiona chungu, akakiepua kwa pindo la kanga. Badala ya kunitukana, kama nilivyostahili, akanishika mkono akaniingiza ndani.

Huko ndani akaniambia kwamba masika yale aliugua mafua makali, yeye na nusu ya mtaa. Wenziwe walipona kila kitu. Yeye alipona kila kitu isipokuwa pua. Chai ikawa maji ya moto yenye rangi. Udi ukawa moshi tu wa kuwasha macho. Akaenda hospitali, daktari akamwambia harufu huenda ikarudi na huenda isirudi, jawabu ambalo mie nikilitoa kwenye mtihani napata sifuri.

"Mwanangu, pua ndiyo duka langu," akasema. "Wakijua, nani atanipa bibi harusi wake nimfungie kikuba?"

 Mume wake kafariki, mtoto hakujaaliwa, na makopo yale ya rangi ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Lakini makopo kila mtu anayo. Alichokuwa nacho yeye peke yake ni jina, na jina lenyewe lilikaa puani. Akanitaka niwe namnusia, na nisimwambie mtu, hata mama. Nikamwuliza kama kazi hiyo ina Jumamosi. Ilikuwa nayo.

Mafunzo yalianza kesho yake, nayo ndiyo sehemu ninayotaka mwisome bila kurukaruka. Kuna ndugu wawili kwenye ukoo huu, mrehani na kivumbasi. Kwa mbali wanafanana kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Mrehani una harufu tamu, baridi, yenye ukali kidogo mwishoni. Huo ndio wa harusi. Kivumbasi kina harufu kali inayopanda mpaka kwenye paji la uso. Kinafukizwa ili kukimbiza mbu, kinachemshwa mtu akajifukiza mafua, kinasuguliwa mahali palipoumwa na mdudu. Watu wazima wengine wanasema hata mashetani hawakipendi. Sasa mchomeke bibi harusi kivumbasi kifuani. Bwana harusi akisogea anapata harufu ya chumba cha mgonjwa, na kama ana akili timamu atahisi amefukuzwa pamoja na mbu. Kwa hiyo kazi yangu yote, Maryamu, ilikuwa kuwatenga ndugu hawa wawili, kwa sababu kivumbasi hujiotea chenyewe kwenye makopo ya mrehani.

Bi Time alinifundisha kunusa kama chuoni tunavyofundishwa kusoma Kurani, kwa kurudia. Jani usilichane, lisugue. Nusa mara moja, kisha geuza uso upate hewa, ndipo unuse tena. Usije kazini umekula kitunguu. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Ukiona ua linachomoza kileleni likate, kwa sababu mrehani ukishachanua unajiona umemaliza kazi na majani yanakuwa machache na machungu. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kwenye jani la mgomba lililolowa. Na usiuweke kwenye friji. Hilo la friji sikuambiwa, nililigundua mwenyewe kwa utafiti katika friji ya jirani anayeuza malai ya barafu. Mrehani ukatoka mweusi kama uliopita motoni, na malai yakanuka harusi. Jirani hakupendezwa na matokeo ya utafiti, ingawa watoto walirudi kuulizia.

Kwa kweli mmea ule ulinishika. Nilianza kuuliza maswali ambayo hayakuwa na mshahara. Kwa nini shina lake lina pembe nne? Lishike, Maryamu, lizungushe vidoleni, utaona si duara. Nilimwuliza mwalimu wa bayolojia, akafurahi mpaka nikaogopa, kwa sababu swali langu la mwisho darasani kwake lilikuwa kama chura ana bibi. Akasema ukoo mzima wa mrehani, pamoja na nanaa, una mashina ya namna hiyo. Nikamwuliza harufu inakaa wapi. Akanipa lenzi, nikaona vitone vidogo juu ya jani, vimejaa mafuta. Nikamwuliza mmea unataka nini na manukato, nao hauendi harusini. Akasema zaidi ni kujikinga na wadudu wanaoula.

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Yaani tunampamba bibi harusi kwa kitu ambacho mmea umekitengeneza ili asisogee mtu. Nilimwambia Bi Time. Akaacha kutunga, akafikiri, akasema kuna maharusi ambao wasingesogelewa ingekuwa kheri yao.

Mbegu nazo. Tia kijiko cha mbegu za mrehani kwenye maji, zungumza kidogo, kisha tazama. Kila mbegu imejivika koti la utelezi na imekuwa kama jicho la dagaa. Watu wanazitia kwenye sharubati, wanasema zinapoza tumbo. Majani mabichi Bi Time anayatia kwenye chai ya mtu aliyevimbiwa. Homa lakini haigusi. Ukienda kwake na homa anakwambia nenda ukapimwe, mie nafunga maua.

Sasa shida ya kazi yenyewe. Wateja walipenda kukaa pale pale mkekani kutazama vikuba vyao vikifungwa, na mie siwezi kumwambia Bi Time mbele yao kwamba hiki ni kivumbasi. Kwa hiyo tukapanga ishara. Yeye ananipa shina, anasema "hebu nishikie hili," nami nanusa kama mtu anayejikuna pua. Nikikohoa mara moja ni mrehani. Nikikohoa mara mbili ni kivumbasi.

Ishara hii ilifanya kazi mpaka ilipomkuta Bi Shinuna. Bi Shinuna ni jirani, mzaliwa wa Micheweni, mtu wa huruma nyingi na simu yenye chaji muda wote. Habari akiipata asubuhi, adhuhuri wanayo ndugu zake mpaka Kengeja, kusini ya kisiwa, kwa sauti yake mwenyewe, kwenye kundi la familia. Alikaa pale siku moja, akanisikia nakohoa mchana kutwa, akakata shauri kwamba nina kifua. Hakumwuliza mtu. Alikwenda kwake, akachemsha sufuria la kivumbasi, akaja nalo, akanikalisha juu ya kibao na kunifunika blanketi mpaka kichwani. Nilikuwa mzima kama ngoma. Lakini nikisema sina kikohozi nitaulizwa nilikuwa nakohoa nini. Nikajifukiza. Nilitoka jasho sehemu za mwili ambazo sikujua zina ruhusa ya kutoa jasho. Bi Time alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika, na Bi Shinuna akamwambia asilie, mtoto atapona.

Tukabadilisha ishara. Safari hii tukatumia jina. Nikimwita "Bi Time" ni mrehani, nikimwita "Bibi" ni kivumbasi. Hakuna anayeshangaa mtoto kumwita mtu mzima majina mawili. Tulipita hivyo harusi nyingi, hata nyumbani nikawa simwiti bibi yangu wa kweli mpaka nifikiri kwanza.

Kisha ukaja mwaka wa karafuu nyingi. Asiyekaa Pemba msimu huo hajui ninachosema. Skuli zilifunga, na kila mwenye mikono akaenda kuchuma au kuchambua. Kila uwanja una majamvi, na kila jamvi limejaa karafuu zinazogeuka kutoka rangi ya waridi kuwa kahawia. Nguo zinanuka karafuu, mito inanuka karafuu, wali unanuka karafuu ambayo haikutiwa. Mie nilikuwa kwetu nachambua, natenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikapakaa mafuta yasiyotoka kwa sabuni.

Katikati ya hayo, Bi Shinuna akamwoza binti yake. Bwana harusi na watu wake wanatoka Unguja. Vikuba akaagiza kwa Bi Time, vingi, vya bibi harusi na vya wasindikizaji. Mrehani wa makopo haukutosha, ikabidi Bi Time aagize kwa mama mmoja wa Kengeja, na ukaja juu ya gari la abiria, furushi kubwa limefungwa kwa jani la mgomba. Tulipolifungua Bi Time akanitazama. Mama yule alikuwa amekata penye mrehani na penye kivumbasi kwa panga moja, kwa sababu kwao vyote viwili wanaviita mrehani, mmoja wa nyumbani na mmoja wa porini. Vilikuwa vichanga, vyote kijani, vimelala pamoja.

Na Bi Shinuna kakaa mkekani, anatazama. Ni asubuhi ya siku ya harusi.

"Hebu nishikie hili, mwanangu," akasema Bi Time.

Nikanusa. Karafuu. Nikalisugua jani, nikageuza uso nipate hewa, na hewa yenyewe karafuu. Nikanusa mkono wangu wa pili usio na jani. Karafuu. Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba baadhi ya vivumbasi vina mafuta yale yale yaliyomo kwenye karafuu, na wakati ule niliona ni jambo la kupendeza. Sasa halikunipendeza hata kidogo. Sikuweza kujua kama nimeshika kivumbasi au nanusa kidole changu. Bi Time akangoja jina. Sikumwita Bi Time, sikumwita Bibi.

"Sisikii," nikasema.

Wakubwa wa lugha yetu walitupa neno moja la kusikia, la sauti na la harufu, na hawakufikiria siku kama ile. Bi Shinuna akaruka kutoka mkekani, akanishika kichwa, akaniinamia sikioni na kupaza sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Riziki, una n'ni weye? Husikii tangu lini?"

Nikamwambia yeye namsikia vizuri, na mtaa mzima unamsikia. Nisiousikia ni mrehani.

"Kwani mrehani unasema nini?" akauliza.

Ningeweza kutunga kitu. Kutunga ndiyo fani yangu, waulizeni walimu. Lakini Bi Time aliweka uzi chini. Aliuweka taratibu, akaunyoosha juu ya paja, halafu akasema bila kumtazama mtu.

"Hata mie sisikii, Bi Shinuna. Tangu masika ya mwaka juzi. Huyu mtoto ndiye ananisikilizia."

Bi Shinuna alichukua muda kuelewa, na nilimwona anavyoelewa, hatua kwa hatua: mafua, kikohozi changu, blanketi. Akaitazama simu yake iliyolala mkekani. Nami nikaitazama. Sijapata kuona simu iliyotulia vile.

Kisha akachukua shina akalinusa mwenyewe. Akanusa mkono wa gauni lake. Akawaita wanawake waliokuwa uani wanamenya vitunguu thomu vya pilau ya harusi, wakaja wakanusa mmoja mmoja, na kila mmoja akasema karafuu tu, isipokuwa mmoja aliyesema thomu. Nyumba nzima ya pua, na hakuna hata moja iliyo kazini.

Hapo ndipo Bi Time alipolichukua lile shina mkononi mwangu. Sidhani alikuwa na mpango wowote. Alilishika tu kama anavyoyashika majani siku zote, jani katikati ya gumba na kidole, akasugua. Akaacha kusugua. Akachukua jingine, akafumba macho.

"Hili lina vinyweleo," akasema. "Hili laini."

Nikayashika yote mawili. Kweli. La kivumbasi lilikuwa na utando wa vinyweleo, kama shavu la mvulana wa kidato cha pili anayedai ana ndevu. La mrehani liliteleza. Miaka yote mikono yake ilikuwa inajua hivyo, ila haikuwahi kuulizwa kwa sababu pua ilikuwa inajibu kwanza. Akaanza kutenga mafungu mawili, macho kayafumba. Penye shaka alitupa nje ya mkeka. Hakuna aliyesema neno, hata Bi Shinuna, na hilo peke yake lingefaa kutangazwa.

Mwishowe Bi Shinuna akauliza kilichokuwa moyoni mwake. Palikuwa na muda bado, na yuko mwanamke mwengine anayefunga vikuba upande wa pili wa mji.

"Na ukikosea, Bi Time? Mwanangu huyu."

"Nikikosea utasema. Na ukisema weye, Pemba nzima itasikia."

Bi Shinuna aliyatazama mafungu, akaitazama mikono ya Bi Time inayoendelea kutenga. Kisha akavua bangili zake moja moja, akaziweka juu ya simu, akauvuta mkeka karibu.

"Nipe uzi," akasema.

Walifunga pamoja mpaka adhuhuri. Mie nilikatakata mkadi na kunyamaza, na sijui lipi lilikuwa gumu zaidi. Jioni wakafika watu wa Unguja, pua zao safi, hazijakaa karibu na jamvi hata moja. Mama wa bwana harusi akamkumbatia bibi harusi, akabaki kamkumbatia zaidi ya desturi, kisha akauliza nani kavifunga vikuba hivi. Bi Shinuna akamwonyesha Bi Time, na baadaye akachukua simu akawaeleza walimwengu kwamba Bi Time pua yake imekwenda lakini vidole vyake vinasikia harufu. Nilimwomba arekebishe sayansi kidogo, akakataa.

Msidhani mambo yalimalizika vizuri tu kama hadithi ya kitabu cha skuli. Mama mmoja alikuja kufuta oda yake, akasema hana ubaya, ila binti anaye mmoja tu. Bi Time aliumia, na alikaa siku mbili hakufunga kitu. Lakini wengine wakaja, na wengine nadhani walikuja ili wamwone anavyofumba macho. Mwaka huu amefunga vikuba kama zamani. Na mie kila nikinyoosha mkono kunusa, nakuta shina limeshatengwa. Nilikuwa nakwenda kazini kukaa. Ofisi nyingi zinaruhusu hivyo, ila si ya Bi Time. Akaniambia nikasome.

Kwa hiyo Maryamu, hutakuwa Pua, na usijipe cheo hicho. Wewe mwagilia asubuhi, kata maua ya kileleni, shika majani kila siku hata usipoagizwa, na ukisikia harufu ya kitu kinaungua sema hapo hapo, usilete utani kwanza kama nilivyofanya mie.

Ijumaa ile, nilipomaliza kufagia, Bi Time alikuwa kakaa juu ya kibao chake. Alichuma kilele cha mrehani, akakisugua, akaninyooshea. Nikanusa, nikaanza kumwita jina lake kama kawaida. Akatikisa kichwa, akasema anajua ni mrehani, hakuulizia hilo.

"Nataka uniambie unanukiaje."

Nikasema ni mtamu, una baridi, una ukali kidogo mwishoni. Akasema hayo kanifundisha yeye. Nikajaribu kusema kama sukari na nanaa, nikaona aibu kabla hata hajakataa. Nikakisogeza kile kilele puani tena. Nikafumba macho. Nikamwambia ni kama mtu ametoka kuoga, amepita mlangoni nyuma yako, umegeuka na hukumkuta.

Bi Time alikichukua kile kilele mkononi mwangu, akakisogeza puani kwake kama zamani.

"Huyo namjua," akasema.